Shela la Kanisa na Muhogo wa Vita

Kila mji nilioishi tangu tutoke kwetu nimeutafutia muhogo. Sitafuti muhogo wowote. Nautaka ule wa milima ya Fizi, mashariki ya Kongo, unaolowekwa mtoni mpaka ulainike, ukaanikwa juu ya miamba, kisha ukatwangwa unga wenye harufu ya maji yaliyolala. Niliutafuta Kigoma, nikautafuta Mbeya, na nilipofika Malawi niliutafuta katika soko la Old Town, Lilongwe, nikipita kati ya magunia ya mahindi na samaki wakavu mpaka wauzaji wakanizoea. Wamalawi ni watu wa nsima, ugali wao wa mahindi. Muhogo kwao ni kitu cha kutafuna na chai. Nikibahatika kupata unga unaokaribia ule wa kwetu, nausonga mwenyewe, nakaa peke yangu, nakula. Tonge la kwanza linanirudisha nyumbani. La pili linanitia aibu, na mara nyingi silifikii la tatu.

Watu wanaonijua husema nina miguu ya kuhamahama, kwamba sikai mahali nikazeeka. Ni kweli. Lakini miguu hiyohiyo ilikaa imekunjwa katika shimo wakati ilipohitajika kutembea, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kuieleza.

Nyumba yetu ilikuwa chini ya mlima na shamba letu lilikuwa juu, mwendo wa asubuhi nzima. Vita vilipokuja, wenye bunduki walikaa katikati, kwenye njia. Leo walikuwa wa kundi hili, kesho wa kundi lile, tuliacha kuuliza. Chakula kikaisha. Baba akachukua panga na kikapu, akapanda kwenda kung'oa muhogo. Majirani walimshusha jioni wakiwa wamemlaza juu ya ubao wa mlango. Baada yake wakapanda wanaume wengine, na baadhi yao hata mwili haukushuka.

Wakubwa wa mtaa walikutana uani kwetu kwa kuwa matanga yalikuwa kwetu. Jirani yetu mmoja alikuwa seremala, mtu wa sala na wa maneno machache. Yeye ndiye aliyesema neno ambalo wote walikuwa wakilizunguka.

"Mwanaume akipanda, anabakia kule," alisema. "Mwanamuke akipanda, anarudi."

Hakuna aliyebisha, maana lilikuwa neno la kweli. Wanawake walikuwa wanarudi. Walikuwa wanarudi vipi, hilo halikutajwa pale uani, ingawa kila mmoja alilijua na wanawake wenyewe walikuwa wamekaa palepale, wakipeta maharage ya matanga. Tangu siku hiyo vikapu vikawa vya wanawake na maficho yakawa ya wanaume.

Maficho yetu yalikuwa nyuma ya nyumba ya seremala, katika shimo la kupasulia mbao, lile ambalo mpasuaji mmoja husimama chini na mwenzake juu. Tulilifunika kwa matawi. Humo tulikaa mchana kutwa, magoti kwa magoti, mimi na seremala na wengine, tukinusa unga wa mbao uliolowa. Nilikuwa bado mwanafunzi wa sekondari, ndevu hazijatoka vizuri, lakini nilikuwa mrefu, na kwa askari mtu mrefu ni mwanaume. Mama miguu ilikuwa imemvimba. Dada yangu mkubwa, ambaye kwetu huitwa yaya, alikuwa ametoka tu kujifunza kushona. Basi akawa anapanda yeye, pamoja na mke wa seremala na wanawake wengine wa mtaa.

Ikazuka desturi ambayo haikuwapo kabla ya vita. Wanawake wakionekana wanashuka, kila nyumba iliteleka maji. Maji yakipata moto yaliwekwa nyuma ya nyumba, ndani ya ndoo, na kitenge kikavu kando yake. Aliyerudi akitua kikapu alipita moja kwa moja nyuma. Kama ilikuwa siku njema, alinawa uso na miguu, na ndoo ikarudi ndani ikiwa na maji mengi, mama akaoshea vyombo. Kama haikuwa siku njema, tulisikia maji yakimwagika muda mrefu, na ndoo ikarudi tupu. Hivyo ndivyo nyumba ilivyojua. Hakukuwa na taarifa nyingine na hakuna aliyeidai.

Siku moja ndoo ya yaya ilirudi tupu. Mimi nilikuwa nimetoka shimoni na njaa yangu. Mama alikuwa amefukia muhogo mmoja katika majivu ya moto, na ulikuwa umeiva, ngozi imepasuka, ndani mweupe. Niliula. Niliula maji yakiwa bado yanamwagika upande wa pili wa ukuta, nikayasikia, na ulikuwa mtamu. Hiyo ndiyo ladha ninayoitafuta katika masoko ya watu.

Baada ya siku chache yaya alichukua kikapu akapanda tena. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemzuia pia.

Ndoo ilirudi tupu siku nyingine kabla hatujavuka Ziwa Tanganyika kukimbia vita.

Mama tulimzika Kigoma. Mimi na yaya tukaendelea kusini, kwa malori na kwa miguu, mpaka Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi iliyowekwa mahali palipokuwa gereza zamani, katika wilaya ya Dowa. Tulipewa mahali pa kujenga, tukafyatua matofali, tukaezeka. Yaya alipata cherehani kuukuu ya kukanyaga, akaiweka mlangoni penye mwanga. Seremala na mke wake walikuwa wamefika kabla yetu. Tulipokutana, seremala alinikumbatia na kunipigapiga mgongoni, akanitazama urefu wangu, lakini shimo hakulitaja. Sikulitaja na mimi.

Kanisa letu pale lilikuwa la watu wa Fizi na Uvira, na wa Bukavu wachache. Seremala alikuwa mzee wa kanisa. Mabenchi yote alitengeneza yeye. Tulikuwa tumekuja na nyimbo zetu na desturi zetu, na mojawapo ilikuwa hii: bibi arusi asiye na lawama hufunga ndoa Jumamosi, huingia kwa mlango mkubwa, ngoma zikimpokea, uso wake umefunikwa kwa shela. Aliyepata mimba kabla, au aliyeishi na mwanamume bila ndoa, hufungishwa Alhamisi asubuhi. Huyo huingia kwa mlango mdogo wa upande wa waimbaji, bila ngoma, kichwa kitupu. Ilikuwa hivyo tangu babu zetu. Dzaleka wazee wakaongeza swali moja: je, vita vilimgusa?

Walilieleza kwa upole. Si dhambi yake, walisema, hakuna anayemhukumu. Lakini shela ni ushuhuda, na ushuhuda hauwezi kudanganya. Kwa hiyo aliyekamatwa na askari njiani akawekwa mlango mmoja na aliyejitakia mwenyewe. Na swali hilo halikuulizwa kwa msichana, kwa kuwa ni neno la aibu. Aliulizwa baba yake, au kaka, au mjomba. Wengi walijibu "hapana" upesi, na wazee wakashukuru. Wachache walisema kweli. Niliwaona dada zao wakiingia Alhamisi, wakiinama kwa sababu kizingiti cha mlango mdogo kilikuwa chini.

Shela lilikuwa moja tu kwa kanisa zima. Lilikuwa la wavu mweupe, na pindo lake lilikuwa na maua madogo ya uzi. Kila bibi arusi wa Jumamosi aliliazima na kulirudisha. Na lilikuwa linakaa kwetu. Yaya ndiye aliyekuwa na mikono ya kulifua bila kulivuta, na ndiye aliyeziba vitundu vyake kwa uzi mwembamba mpaka usijue palipotoboka. Asubuhi ya ndoa alilivika mwenyewe juu ya kichwa cha bibi arusi, akarudi nyuma hatua kidogo, akatazama, akasogea kulirekebisha.

"We utavaa lini?" wanawake walimtania. "Ama unavikaka batu tu, kama mupishi mwenye hakulake?"

"Mupishi anaonjaka kwanza," aliwajibu, na wao wakacheka.

Yaya alichumbiwa na kijana wa Bukavu aliyekuwa anauza nguo za mitumba Area 36, Lilongwe, akirudi kambini mwisho wa wiki. Alikuwa amesoma, na alipenda kuvaa koti hata jua likiwaka. Watu wa Fizi walimsema: "Mutu wa Bukavu, hata kiatu chake kinaongeaka Kifaransa." Yeye alicheka kuliko wao. Yaya alimpenda kwa hilo. Alikuwa amemweleza kila kitu mapema, kabla hajakubali kumwona kama mchumba, naye alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama amekula.

Kwa hiyo mchumba hakuwa shida. Yaya alitaka kitu kimoja tu kutoka kwa dunia, na alinitajia kimoja hicho: kuingia kwa mlango mkubwa, Jumamosi, amefunikwa lile shela alilolitunza.

Asubuhi ya siku ambayo wazee wangeniita, kwa kuwa ni mimi tu mwanaume wa nyumba, nilimkuta kwenye cherehani.

"Watakuuliza leo," alisema bila kuacha kukanyaga.

"Niseme nini, yaya?"

"Usiseme bongo, usibadanganye. Na usiseme kweli pia."

"Sasa nibakie na nini?"

"Baambie baniulize mi. Mudomo ninayo."

Wazee watatu walikuwa wamekaa mbele ya kanisa tupu, kwenye benchi moja. Seremala alikuwa katikati.

"Kijana yetu," alianza, "unajua hii ni swali ya kila mutu. Hatukukuchagua we."

"Ninajua, mzee."

"Dada yako, vita ilimugusa?"

Niliyatazama magoti yake. Yalikuwa magoti yaleyale. Katika shimo tulikuwa tumeketi hivi, karibu kuliko sasa, tukimega muhogo mmoja juu ya jani la mgomba, na muhogo huo mke wake na dada yangu walikuwa wameuleta katika vikapu vilivyofuatana. Nilitaka kumkumbusha.

"Mumuulize mwenyewe," nilisema.

Mzee wa pili, mtu wa Uvira, akacheka kidogo. "Tangu lini bibi arusi anasimama mbele ya komite? Kesho tutamuuliza na kilo yake ni ngapi."

"Njo vile alisema. Alisema mudomo anayo."

"Na we, yako iko wapi?"

Yaya alikuwa nje, karibu na dirisha, anamngoja bibi arusi wa Jumamosi hiyo amkabidhi shela lililopigwa pasi. Aliingia nalo, amelilaza juu ya mikono miwili kama mtoto aliyesinzia. Alipita kati ya mabenchi, akasimama mbele ya seremala.

"Mzee, unauliza nini?" alisema. "We ulikuwa pale."

"Mi sikukuwa shamba, binti yangu."

"Njo ninasema, mzee. Haukukuwa shamba."

Mzee wa tatu alifungua kitabu cha nyimbo, akakifunga. Seremala alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati muda mrefu. Sauti yake ilipotoka haikuwa kali. Ilikuwa sauti ya mtu anayempa mgonjwa dawa chungu.

"Hatukusemi ubaya. Alhamisi, asubuhi, tutakufungisha ndoa muzuri. Kwaya ndogo itakuya."

"Na hii?" Yaya aliinua mikono kidogo.

"Ile iko ya kanisa."

"Aksanti, mzee. Basi acha niipeleke kwa mwenye Jumamosi."

Akatoka. Mimi nilibaki nimesimama pale mbele yao, mrefu, bila kazi.

Mchumba wake alipofika mwisho wa wiki, alijaribu kulifanya jambo liwe jepesi. Alisema waende kwa mkuu wa wilaya huko Dowa, waandikishe ndoa, warudi wale kuku. "Shela ni kitambaa tu, sha," alisema, kwa neno lake la kubembeleza.

"Kama ni kitambaa tu, bananinyimia nini?"

Mchumba alivua koti, akalikunja, akalivaa tena. Kesho yake, kabla ya kurudi Lilongwe, alisimama mlangoni. "Basi nitangoja Jumamosi," alisema. "Hata kama ni Jumamosi ya wajukuu."

Miezi ikapita. Yaya hakuenda Alhamisi, na Jumamosi hakupewa. Shela likaendelea kukaa kwetu. Wanawake wawili watatu aliowaamini walikuja na ushauri wao. "Lifiche," walimwambia. "Sema panya wamelikula. Tuone hao bazee watafanya namna gani." Yeye aliuliza bibi arusi wa watu amekosa nini. Akaendelea kufua, kuziba, kupiga pasi, kuvika, na kurudi nyuma hatua kidogo. Mimi nilikuwa ninamwona kutoka ndani ya nyumba. Nilikuwa nimepata kibarua cha kufundisha watoto kusoma, na baba za watoto walikuwa wananiita mwalimu kwa heshima. Miezi ile ndiyo niliyolistahili jina hilo kidogo kuliko wakati mwingine wowote.

Kisha ikaja ndoa ya binti wa seremala mwenyewe. Shela lilikuwa limenaswa na msumari wa benchi kwenye ndoa iliyotangulia, likachanika upande mzima wa mbele. Haikuwa tena kazi ya uzi. Ulihitajika wavu mpya, na wavu wa namna ile ungepatikana Old Town. Tulikwenda Lilongwe mimi na yaya. Alipita duka hadi duka kwenye mtaa wa Wahindi, akivuta ncha ya kila wavu kati ya vidole, akisema huu mgumu, huu utageuka njano. Mwishowe akaupata. Mwenye duka alimwuliza ni harusi ya nani.

"Ya mutoto wa jirani," alisema.

Palikuwa na kioo kirefu kwenye nguzo. Alipofunua ule wavu kuupima urefu, aliutupia kichwani, uso kwa kioo. Nadhani mkono wake ulifanya wenyewe. Msaidizi wa duka, mama wa Kimalawi, alipiga kigelegele kifupi, akamwambia, "Mwakongola, amayi," yaani amependeza. Yaya aliuvua upesi kama mtu aliyekutwa na kitu kisicho chake.

"Zikomo," alimshukuru, akaukunja. Nilijifanya natazama barabarani, kwenye vijana wa kabaza waliokuwa wanangoja abiria juu ya baiskeli zao.

Njiani kurudi nilimwambia, "Yaya, nitaenda tena kwa wazee. Nitasema hapana. Nitaapa."

"Ukiapa," alisema, "itakuwa sikupanda. Nitakuwa niliketi nyumbani kama benye bahati. Na muhogo wenye ulikula ulitoka wapi?"

Hakusema kwa ukali. Alikuwa anatazama mashamba ya mahindi na tumbaku yakipita. Ilikuwa mara ya kwanza kuutaja ule muhogo mbele yangu, na nilitamani gari lisimame nishuke.

Mke wa seremala alikuja na binti yake kujaribu shela, siku moja baada ya kukamilika. Alikuwa mwanamke mnene, wa vicheko, aliyeuza mandasi, yale maandazi ya Malawi, karibu na kisima na kujua habari za watu wote. Yaya alimketisha msichana kwenye kigoda, akamvika, akarudi nyuma, akatazama. Msichana alikuwa anang'aa.

"Unaona," mama yake alisema, "hata macho yake makubwa imekuwa ndogo. Bwana harusi atafikiri alipewa mwingine." Tukacheka. Kisha, akiwa bado na kicheko, akamgeukia yaya. "Na yako siku gani?"

"Alhamisi. Kama nitakubali."

"Alhamisi ju ya nini?"

"Uliza bwana yako."

Kumbe hakuwa anajua. Mambo ya kamati wazee hawakuyapeleka nyumbani, na yaya hakuwa ametangaza sababu. Watu wengi walidhani mchumba ndiye anayesita. Mke wa seremala aliweka mikono juu ya mapaja. Kicheko kilimtoka usoni polepole. Kisha akainuka, akalivua shela kichwani mwa binti yake, akalikunja mara mbili, akaliweka juu ya cherehani.

"Mama, mi nimefanya nini?" msichana akauliza, machozi yameanza.

"Haujafanya kitu. Na huyu alifanya nini?"

"Mama…"

"Siye tulipanda njia moja. Huyu alikuwa mbele yangu, mi nyuma yake. Kama yeye ni wa Alhamisi, mi ni wa siku gani?" Alijifunga kitenge upya, akakikaza. "Mi nilivaa shela mbele ya vita kuanza. Basi akuye anivue. Tangu tulitoka kule bwana yangu hajaniuliza hata siku moja. Anauliza mabinti ya batu. Leo ataniuliza mi."

Akaniona nimesimama pembeni, macho chini.

"Na we mwalimu unatafuta nini kwenye udongo? Muhogo mulikula wote."

Alimshika binti yake mkono, wakaenda. Sikujua walichozungumza nyumbani kwao, na hakuna aliyewahi kunisimulia. Najua tu kwamba tangu mchana ule randa ya seremala haikusikika mtaani, siku iliyofuata pia haikusikika, na watu wakaanza kuulizana kama ni mgonjwa.

Seremala alikuja asubuhi, yaya akiwa kwenye cherehani. Alisimama, kofia mkononi. Alikuwa amekonda kwa muda mfupi ule, au labda ni kwamba sikuwa nimemtazama usoni kwa muda mrefu.

"Jumamosi gani inawafaa?" aliuliza.

Yaya aliuzuia mguu wake juu ya kikanyagio. "Na shela?"

"Na shela. Mulango mukubwa. Na lile swali, tuliliondoa."

"Mzee, kaa. Chai iko."

Alikaa, akanywa chai yote, akashukuru. Hakuomba msamaha na yaya hakumdai. Nilimsindikiza mpaka njiani kama desturi inavyotaka. Tulipofika penye nyumba ya mwisho alisimama.

"Mi njo nilisema lile neno," alisema. "Kule kwenu, kwenye matanga ya baba yako."

"Nilikuwapo, mzee."

"Lilikuwa kweli."

"Lilikuwa kweli."

"Njo ubaya yake," alisema, na akavaa kofia. Tulisimama kidogo, wanaume wawili wa shimo moja, kila mmoja akiona haya kwa mwenzake. Kisha akaenda.

Binti wa seremala aliolewa kwanza, kisha yaya. Kwetu, bibi arusi asiye na baba hutanguliwa na kaka yake: kaka huenda mbele akifungua njia, dada humfuata. Nilikuwa nimeazima koti kwa shemeji mtarajiwa. Mke wa seremala ndiye aliyemvika shela, kwa kuwa mvikaji wa siku zote leo alikuwa bibi arusi. Hakufanya mzaha wowote. Tulipofika mbele ya mlango mkubwa ngoma zilianza. Nikapita mbele ya yaya, nikanyoosha mabega.

Alinivuta koti kwa nyuma.

"Pisha," alisema chini ya shela. "Mi nimezoea kutangulia."

Hata leo sijui kama alitania. Nilisogea kando, akapita, nikamfuata. Watu walidhani nimechanganyikiwa na desturi. Niliuona wavu tulioununua Old Town ukiyumba mbele yangu, na mbele yake wanawake waliosimama kwenye mabenchi wakipiga vigelegele, na baadhi yao niliwajua kwa vikapu vyao. Sikuweza kuinua uso kuwatazama. Nilitembea nikiangalia visigino vya dada yangu mpaka madhabahuni.

Yaya bado yuko Dzaleka na mume wake na watoto. Mimi sikukaa. Nilihamia Biwi, mtaa wa Lilongwe, nikauza betri na vocha za simu, nikaenda mahali pengine, nikarudi, nikaondoka tena. Kila niendako natafuta ule unga, na nikiupata ninamfikiria. Simu yake huingia wakati wowote, kwa kawaida mchana, sauti za watoto na cherehani nyuma yake. Haanzi na salamu. Hata sasa nikiwa na mvi huanza na neno lilelile, na kila mara napitisha mkono mdomoni kabla ya kujibu, kana kwamba atauona mdomo wangu.

"Umekula?" anauliza.

Ninamwambia nimekula.